Kofia ya Mvuke

"Mzee Kaloki, umefanya nini sasa?"

Tracy aliishika kofia ya shaba kwa ncha za vidole. Kaloki, fundi wa karabai na stovu mjini Machakos tangu ujana wake, akatabasamu. Alidhani ni furaha.

"Nimeisugua siku mbili, kwa majivu na ndimu. Hebu tazama, unajiona humo!"

"Lakini nilitaka ikae ya kitambo! Iliyochoka! Maonyesho ya mavazi ni saa nane, na hii inang'aa kama sufuria mpya."

Kaloki akaichukua kofia, akaigeuza mkononi. Tangu stima ifike vijijini, karabai hazikumlisha tena. Alikuwa amebaki fundi wa kufuli zilizokwama. Ndipo akaja binti huyu wa chuo cha ushonaji, na picha kwenye simu: makoti marefu, miwani ya shaba, kofia zenye magurudumu na mabomba. "Ni dunia ambayo petroli haikuvumbuliwa," alimweleza. "Kila kitu kinaenda kwa mvuke." Ngai! Kaloki akaipenda dunia hiyo papo hapo. Huko angekuwa mtu. Kwenye kofia aliyomwagiza, Tracy alitaka magurudumu yabandikwe tu kwa gundi, mzee akakataa katakata. Gurudumu lisilozunguka ni uongo! Akayaunganisha na pampu ya stovu. Ukisukuma, yanazunguka na filimbi inalia.

Na sasa aichafue? Fundi gani huchafua kazi yake mwenyewe?

"Mwiitu wakwa, binti yangu," alibembeleza, "na ukiivaa hivi hivi?"

"Watasema nimeinunua dukani jana."

Dukani! Hilo lilimchoma. Akaipaka kofia mafuta, akawasha stovu ya utambi, akaishikilia juu ya moshi mweusi huku ameangalia pembeni, kama mtu anayechinja kuku aliyemlea.

Saa nane, katika ukumbi wa kanisa, Tracy alipanda jukwaani na koti lake refu, akasukuma pampu. Magurudumu yakazunguka. Filimbi ikalia mpaka akina mama wa mbele wakaruka.

"Kumbe inafanya kazi!" mtu akapaza sauti, na vigelegele vikafuata.

Kaloki, amesimama nyuma kabisa, alifurahi hadi macho yakamlowa. Tracy akageuka kuonyesha mgongo wa koti. Huko kisogoni, katikati ya weusi wote, gurudumu moja dogo liling'aa kama siku lilipozaliwa. Hilo lilimshinda mzee kulitia moshi.

Akaliangalia likizunguka. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua kifungo cha koti lake, polepole.