Godoro la Koridoni

Chapchap alimaliza shule mwaka jana, na tangu hapo hajamaliza kitu kingine. Jina hilo alipewa na mama yake, maana yeye kila kitu ni mbio mbio: chai inamuunguza, swali analijibu kabla halijaulizwa.

Bibi alipotoka hospitali na mshono tumboni, Chapchap alimwachia chumba chake, yeye akahamia koridoni. Usiku anatandika godoro chini, asubuhi analiinua analiegemeza ukutani watu wapite. Hapo kweli alistahili sifa, na alijisifu mwenyewe wasije wakasahau.

Sasa nyumba yenyewe ni ya kupanga, na ina kiyoyozi kimoja tu cha nyumba nzima. Mashine inapuliza hewa kwenye mabomba ya darini, hewa inatokea kwenye matundu ya kila chumba. Tangu Bibi aje, baridi ya mchana ikaanza kufa. Ukiweka mkono kwenye tundu la chumba chake unasikia kahewa tu, kama mtoto anapuliza chai. Mshono ukawa unaloa jasho. Nesi aliyekuja kubadilisha bandeji alikunja uso. "Mama, huu ukiendelea kuloa hivi tunarudi hospitali."

Chapchap akapandwa na mori. Akashusha rimoti mpaka mwisho. Akatoka nje kuangalia feni, akaikuta inazunguka vizuri. Chujio? Aliliosha mwenyewe juzijuzi, kabla Bibi hajaja. Akaziba matundu ya sebuleni kwa magazeti ili hewa yote iende kwa Bibi. Wapi! Afadhali ya jana.

"Kiyoyozi kibovu," akatangaza. "Na mwenye nyumba anajua!"

"Umemuuliza?" mama yake akasema, lakini alikuwa anaongea na mlango.

Mwenye nyumba ni kinyozi, kibanda chake kiko mtaa wa pili. Chapchap alimkuta anamnyoa jamaa mmoja mnene, nusu ya kichwa inang'aa, nusu bado msitu. Hata shikamoo hakutoa.

"Wewe mzee unatunyonya! Bibi yangu anaoza kule kwa joto, wewe uko hapa unachekacheka! Nyumba mbovu, na roho mbovu vilevile!"

Benchi zima la wateja likageuka kumtazama. Kinyozi akazima mashine.

"Bibi anaendeleaje?" akauliza. Akamwomba mteja wake amsubiri, akabeba ngazi, wakaondoka.

Miguu ya Kinyozi ina maumivu ya siku nyingi. Aliingia darini kwa tundu la jikoni, akawa anatambaa huko juu huku anakohoa vumbi.

"Kaza mwendo huko!" Chapchap akapiga kelele.

"Mume wangu, punguza sauti," Bibi akamwambia kutoka kitandani. "Huyo ni sawa na babu yako."

Mara Kinyozi akaita, "Kijana, niletee ngazi koridoni, kuna tundu jingine, nashukia huku."

Chapchap akaenda kuliondoa godoro lisizuie ngazi. Likagoma. Kama kuna mtu upande wa pili kaling'ang'ania. Akalivuta kwa nguvu, likaachia ghafla, na shati lake likavutwa kuelekea ukutani. Pale nyuma ya godoro palikuwa na wavu mpana wa ukutani ambamo mashine inavutia hewa yake. Wavu uleule aliotolea chujio kwa mikono yake. Chumbani kwa Bibi pazia likaanza kucheza.

Akalitazama godoro, akautazama wavu.

Kinyozi akashuka, utando wa buibui umemjaa masikioni. Akaingia kwa Bibi, akaweka kiganja kwenye tundu, uso ukamfunguka.

"Kumbe! Kuna bomba lilikuwa limelegea, nimelifunga. Litakuwa ndilo hilo. Kijana, nisamehe. Ulikuwa na haki ya kukasirika."

"Asante sana mzee, umetuokoa," mama akasema, akamgeukia mwanawe. "Unaona mtu mzima anavyoongea?"

Nyumba ilishaanza kupoa, lakini masikio ya Chapchap yalikuwa yanawaka. Angeweza kunyamaza tu. Nani angejua? Ila kitanda cha Bibi kinatazama koridoni, na mlango ulikuwa wazi. Bibi akaliangalia godoro, akamwangalia yeye, akavuta kanga mpaka mabegani.

"Mume wangu," akasema taratibu, "nasikia baridi."

Chapchap akalishika godoro, akaliegemeza palepale pa kila siku. Pazia likalala. Akaliondoa. Pazia likacheza.

"Ni mimi," akasema, macho sakafuni. "Kila asubuhi."

Mama akajishika kichwa. Kinyozi aliliangalia lile godoro, hakucheka.

"Hukunitukania hapa," akasema. "Beba ngazi."

Wakarudi mtaa wa pili. Kibandani benchi lilikuwa vilevile, na yule mnene bado na kichwa chake cha nusu. Kinyozi akachukua mashine, hakuiwasha. Akasubiri.

"Shikamoo, mzee," Chapchap akasema, ngazi begani. "Kiyoyozi hakikuwa kibovu. Nilikiziba mimi na godoro langu. Huyu mzee hana kosa lolote. Nilimvunjia heshima bure."

Yule mnene akapapasa upande wenye nywele. "Yaani mimi nimekaa hivi kwa ajili ya godoro?"

Benchi likaangua kicheko. Chapchap alitamani ardhi ipasuke, lakini hakutoka.

"Marahaba," Kinyozi akasema, akawasha mashine.