Chai ya Kumezea Dawa

Chai yangu haina mambo mengi. Haina tangawizi, haina iliki, haina mchaichai, na maziwa nawaachia wanaofuga. Nanunua majani ya aina mbili kwa Simeo, Msambaa mwenye meza pale sokoni Korogwe: vipimo viwili vya ule unga mweusi unaotoa rangi haraka, na kipimo kimoja cha chenga zinazoleta ladha. Nachanganya mwenyewe kwenye kopo, natikisa, basi. Maji yakichemka natia vijiko vitatu vilivyojaa, naacha yatokote, naepua na kufunika. Ukimimina, huoni kitako cha kikombe. Sukari kidogo tu. Unakunywa alfajiri baada ya swala, umekaa kwenye kigoda, na mwili mzima unaamka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Nimeinywa hivyo miaka hamsini, na asiyeipenda namwona ana kasoro. Ndivyo nilivyo mimi, Zamda. Hapa kijijini wanasema nina mdomo, na hawajakosea.

Lakini chai ile haikuwa ya raha peke yake. Kijiji chetu kiko upande wa Handeni, na maji yetu ni ya lambo, tunayogawana na ng'ombe wa Wamasai. Kiangazi yanageuka tope. Mwanangu wa tatu, Muhsin, aliyanywa mabichi akiwa na miaka minne. Akaharisha siku mbili, ya tatu tukamzika. Tangu hapo hakuna mtu aliyekunywa maji nyumbani kwangu kabla hayajapita motoni, na yakipita motoni nayatia majani, maana yakichemshwa matupu yananuka tope na moshi, hayapiti kooni. Kwangu ukishikwa na kiu unapewa chai.

Shamimu aliyakuta mambo hivyo. Alikuwa mke wa Adamu, kitinda mimba wangu. Binti wa Manundu, mjini Korogwe, aliyekulia kwenye maji ya bomba, lakini hakuleta maringo ya mjini. Adamu alikuwa anauza mayai na mahindi ya kuchoma kwa abiria wa mabasi pale Mombo, anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu, mimi na mkwe wangu. Nilimpenda. Nalisema wazi mapema, kwa sababu nikimaliza kusimulia wapo watakaodhani sikumpenda.

Mimba ilipofika miezi mitano nikampeleka kliniki. Kabla ya kupimwa, nesi wa pale, Getruda, huwakusanya wajawazito ndani na kuwapa somo, na anawakaribisha hata waliowasindikiza. Mimi sikuingia. Nimezaa saba na yeye hajazaa hata mmoja, nikajiuliza atanifundisha nini binti yule. Nikakaa kwenye ngazi nikapiga soga na muuza ndizi.

Shamimu alitoka ameshika karatasi na pakiti ya vidonge.

"Damu yangu ni tisa, mama," akaniambia. "Inatakiwa ifike kumi na moja. Nesi anasema isipopanda, siku ya kujifungua itakuwa hatari."

"Itapanda," nikamwambia. "Uko kwangu."

Na kweli niliichukua kazi ile kama yangu. Nilimpikia matembele, dagaa, maharage, mchicha, mpaka yeye mwenyewe akawa anacheka akiniona na sufuria. Adamu akija na maini kutoka Mombo, sikugusa hata kipande. Tatizo likawa vidonge. Siku tatu za mwanzo Shamimu alivimeza na maji niliyoyachemsha na kuyapoza, na mara zote tatu alikimbilia nyuma ya nyumba akatapika kila kitu. Siku ya nne nikammiminia chai yangu, nzito, ya moto. Akameza kidonge, akamaliza kikombe, akatulia. Hakutapika. Nilifurahi kama niliyegundua dawa mwenyewe. Nikampigia Adamu simu asubuhi ile ile kumsimulia.

Ikawa desturi yetu. Nikimaliza kuswali nateleka chai, namwita, namwekea kidonge kiganjani na kikombe mkononi. Simwachi mpaka kikombe kiwe kitupu. Kisha tunakaa, mimi na kikombe changu, tunasikiliza majogoo. Zile ndizo zilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo tangu mume wangu afariki.

Mwezi uliofuata tukarudi kliniki. Nikakaa tena kwenye ngazi. Shamimu akatoka ameinamisha kichwa.

"Nane," akasema.

"Nane? Imeshuka?"

"Imeshuka, mama."

Sikulala vizuri. Alfajiri nikaongeza kijiko cha nne cha majani, nikiamini mwili wake umekosa nguvu na chai nzito ndiyo itakayomwinua. Akaja, akapiga goti kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shika kidonge."

Hakukipokea. "Mama, naomba leo nimeze na maji. Nesi amesema dawa hii inamezwa na maji."

"Maji gani?"

"Haya haya ya mtungini. Nitayachemsha mwenyewe."

"Utapike tena kama siku ile?"

"Nitajikaza, mama."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilihisi kama ananiambia hanitaki. "Getruda amekulia kwenye bomba," nikasema. "Mwambie aje hapa amezee dawa na maji ya lambo, nimwone. Mimi nimeshazika mtoto kwa maji haya. Unataka nizike na wewe?"

Alinitazama kidogo tu. Kisha akanyoosha mkono, akapokea kidonge, akapokea kikombe, akanywa mpaka mwisho.

"Asante, mama," akasema.

Sikumwuliza Shamimu ni kwa sababu gani nesi amesema maji. Ningemwuliza angenijibu, alikuwa mkweli. Lakini nilikuwa nimeshashinda, na mimi nikishinda huwa nanyamaza na kufurahia.

Hakusema tena. Mimba ilipofika miezi minane damu ilikuwa saba. Midomo yake ilikuwa imepauka, na kutoka jikoni mpaka mlangoni alikuwa anapumzika mara mbili. Siku ile, badala ya kumhurumia, nilimshuku. Kwa chakula kile chote na vidonge vile vyote, damu inakwenda wapi? Nikajisemea huyu anatema dawa. Nikampekulia godoro, nikapekua mashimo ya ukuta, nikafukua hata majivu nyuma ya jiko. Sikuona kitu.

"Fungua mdomo," nikamwambia asubuhi iliyofuata, alipokwisha kunywa. "Inua ulimi."

Akafungua. Machozi yalikuwa yanamtoka huku amefungua mdomo, na mimi nikachungulia humo ndani kama mnunuzi wa mbuzi mnadani. Hakukuwa na kidonge. Nikamfuta machozi kwa kanga yangu, nikamwambia namfanyia hivi kwa sababu namtaka mzima. Akasema anajua.

Getruda alikuwa ameandika barua ya kumpeleka Korogwe aongezewe damu na asubirie huko huko kujifungua, kwa kuwa mama yake yuko Manundu. Tulipanga aondoke Jumatatu, Adamu aje amchukue. Uchungu ukamshika Jumamosi, jua linachomoza. Tulikodi gari la jirani mpaka hospitali ya Korogwe, nikampakata kichwa chake njia nzima. Alikuwa anaomba radhi kwa kunichafulia kanga.

Alijifungua salama, mtoto wa kike, kabla ya saa nne. Nilisikia kilio cha mtoto nikiwa kwenye benchi nje, nikapiga kigelegele peke yangu. Adamu alikuwa ameshafika kutoka Mombo, wakamtoa damu, na chupa ya kwanza ilikuwa imeshaanza kumwingia mkewe. Saa sita haijafika, daktari akatoka akatuita pembeni. Alikuwa kijana, na alizungumza na sisi kwa heshima.

"Amepoteza damu, lakini si nyingi," alisema. "Mwanamke mwingine angepoteza kiasi kile na kesho yake angeomba uji. Yeye hakuwa nayo ya kupoteza."

Adamu aliketi chini, sakafuni. Mimi nilisimama. Nilikuwa na hasira na Mungu, astaghafirullah, na nilikuwa na hasira na mwili wa yule binti uliokula maini yangu yote na haukutengeneza kitu. Tulimzika kesho yake nyumbani kwetu. Mama yake alinishika mikono mbele ya watu akasema, "Dada, umemlea mwanangu kuliko mimi." Watu wakaitikia kuwa ni kweli. Na mimi nikaitikia.

Mtoto tukamwita Faudhia. Adamu akaacha biashara ya Mombo, akabaki nyumbani, akawa ananunua maziwa kwa Wamasai na kuyachemsha yeye mwenyewe. Alikuwa haongei. Nilidhani ni majonzi, nikamwacha.

Wiki ya sita nikambeba Faudhia kwenda kliniki kuchanjwa. Mvua ilikuwa inanyesha, kwenye ngazi hakukaliki. Nikaingia ndani kwa mara ya kwanza, nikabanwa kwenye benchi la mwisho katikati ya wajawazito. Getruda alikuwa amesimama mbele ameinua pakiti ya vidonge, vile vile vya Shamimu.

"Mnameza na nini?" akauliza.

"Na maji," wakajibu pamoja.

"Si na chai?"

"Si na chai!"

Mmoja akauliza, "Hata ya rangi, nesi? Isiyo na maziwa?"

"Hiyo hasa," akasema Getruda. "Chai ya rangi, tena ikiwa nzito, inaizuia dawa isiingie mwilini. Unameza kidonge kila siku na ni kama hujameza. Hata chakula chako cha kuongeza damu, ukishushia na chai, umekipunguzia kazi yake. Chai subiri saa mbili zipite."

Sikumbuki chanjo. Nakumbuka watu walipungua, nikabaki mimi na Getruda, na alikuwa ananiuliza kama naumwa.

"Binti yangu," nikasema, "Shamimu ulimfundisha haya?"

Akaweka kalamu chini. "Kila mwezi, bibi. Damu iliposhuka mara ya mwisho nilimwuliza uso kwa uso, unameza na nini. Akaniambia anameza na maji." Akasogeza kiti karibu yangu. "Kwa nini, bibi? Alikuwa hamezi na maji?"

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaondoka mvuani. Njiani nilikuwa namwona amepiga goti, hajapokea kidonge, ananiangalia. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua asubuhi ile, na asubuhi zote zilizofuata, na kila nilipomsimamia alikunywa, na mbele ya nesi akanisitiri ili nisionekane mjinga. Kwa nini hakunipigia kelele? Kwa nini hakumwaga kikombe? Nilimkasirikia maiti, wallahi, nikalia kwa sauti barabarani.

Nilimkuta Adamu ameketi barazani anatengeneza mpini wa jembe. Nilimlaza mtoto ndani, nikarudi, nikakaa kwenye mkeka, chini yake, mahali ambapo mama hakai kwa mwanawe.

"Adamu, nina jambo la kukuambia, na ukishalisikia fanya unavyotaka. Ukinifukuza nitakwenda."

"Sema, mama."

Nikamwambia. Kijiko cha nne, nikamwambia. Maji aliyoomba, na nilivyomjibu. Mdomo niliomfungulisha. Alichosema nesi. Sikujitetea kwa Muhsin wala kwa lambo, nilitamani lakini nikajizuia. Nikamaliza, nikasubiri anipige au aondoke.

Adamu alikuwa ameacha kazi. Alikuwa anautazama ule mpini mikononi mwake.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kuhusu chai. Alinipigia simu, mimba ina miezi sita, jioni ya siku ile ile mlipogombana. Akanieleza kama nesi alivyomweleza, vizuri kabisa. Akaniomba niongee na wewe." Akauweka mpini chini. "Nilimwambia mama ukimpinga hatanyamaza mwezi mzima. Nikamwambia, miezi mitatu si mingi, wewe kunywa tu, usiniletee ugomvi nyumbani."

"Na yeye akasemaje?"

"Akasema sawa."

Kumlaani singeweza, kumsamehe sikuwa na haki nayo. Aliogopa mdomo wangu, mwanangu mwenyewe, mwanamume mzima mwenye mke, na mimi ndiye niliyemfundisha kuuogopa.

Ndani mtoto akaanza kulia. Adamu akanitazama, nami nikamtazama. Mtoto alilia muda mrefu kabla mmoja wetu hajapata uso wa kwenda kumchukua.