Mfu Aliyepiga Makofi

Nilipomwoa Bok-sil nilijua namwoa pamoja na marehemu wake. Hakunificha. Tulikutana kwenye kantini ya karakana ya mabasi hapa Incheon, yeye mpishi, mimi fundi wa breki, mseja aliyekwisha kuzoea kula peke yake. Siku niliyomwambia nataka tuishi pamoja, alifuta mikono kwenye aproni akanijibu kwa ile lafudhi yake ya Hamhung, mji wa kaskazini, inayofanya hata salamu isikike kama ugomvi.

"Sikiliza, bwana Tak. Mimi mjane, nina binti, Jin-hwa. Na kila mwaka kiangazi kikiisha, mume wangu anakuja kula. Ukiweza kukaa naye meza moja, sawa. Usipoweza, rudi kwenye breki zako."

Nikamwambia nimeshakaa meza moja na watu wabaya kuliko maiti. Akacheka mpaka akashika kiuno. Ndivyo tulivyooana.

Marehemu aliitwa Ryom Chang-gyu, mkemia katika kiwanda kimoja cha kule kwao kaskazini. Alichukuliwa kwenda kufanya kazi mahali pasipotajwa, na baada ya miezi kadhaa maofisa wawili wakaja na kijisanduku cha majivu na nishani. Mtambo umelipuka, wakasema, mumeo ni shujaa. Bok-sil alikaa na kile kijisanduku majira mawili ya baridi, kisha akavuka mto na mtoto mgongoni, akaingia China, na kwa njia ambazo hapendi kuzisimulia akafika huku kusini.

Basi kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, nilinunua chupa ya pombe ya mchele, yeye akapika wali, supu ya nyama, samaki wa kukaanga, akapanga na mapeasi, akachomeka kijiko wima kwenye wali kama wanavyoandaliwa wafu. Mlango tuliuacha wazi kidogo ili mgeni apate kuingia. Nilikuwa nammiminia mimi. Nilimzoea. Nikiinama mbele ya kile kikombe nilimwambia kimoyomoyo: kaka Ryom, binti yako amefaulu, kaka Ryom, mkeo anaumwa mgongo na hataki kwenda hospitali, msemeshe wewe.

Sasa haya mambo ya makombora. Huku kwetu mtu hashtuki. Wenzetu wa kaskazini wakirusha, simu zinalia, televisheni inaonyesha ramani ya bahari ya mashariki na mstari mwekundu, na sisi tunaendelea kunywa supu. Mzee Noh, mwenzangu karakanani, alikuwa na neno lake moja: "Wamerusha tena? Waambieni wasubiri mechi iishe." Mimi pia nilikuwa nikihamisha chaneli kutafuta besiboli.

Asubuhi ile, wakati wa machipuko, tulikuwa tunafungua kinywa. Kombora lilikuwa limerushwa jana yake, na televisheni ikawa inaonyesha picha zilizotolewa na gazeti la kaskazini: moto, moshi, kisha kundi la wanaume waliovaa sare, wengine wanalia kwa furaha, wote wanapiga makofi. Bok-sil aliinuka na bakuli mkononi, akaenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole juu ya kioo. Picha ikabadilika, ikaja habari ya hali ya hewa. Kidole chake kikabaki palepale, juu ya mawingu ya mji wa Busan.

"Mama Jin-hwa," nikamwita. "Kuna nini?"

"Chang-gyu."

"Chang-gyu yupi?"

"Wewe unamjua Chang-gyu mwingine?"

Tuliitafuta ile picha kwenye simu, tukaikuza. Mstari wa tatu, nyuma ya majenerali, mwanamume mwembamba mwenye miwani, nishani kifuani. Bok-sil hakuangalia uso. Aliangalia mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeshikana, kwa sababu ya asidi iliyommwagikia ujanani, na ndiyo maana alipiga makofi kwa kiganja tu, kama mtu anayekung'uta unga.

"Labda ni mtu anayefanana naye," nikasema.

"Huo mkono niliufunga bandeji mimi mwenyewe."

Nikamuuliza: na majivu je? Akasema majivu ni majivu tu, hata ya mkaa. Mtu wakimhitaji sana kule wanamfuta kwanza, ili asiwe na nyumbani pa kukumbuka. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, akaosha vyombo, akaenda kazini. Jioni nilimkuta amekaa sakafuni jikoni, bado amevaa koti.

"Miaka yote hii nimemlisha kama mfu," akasema. "Nimemchomekea kijiko kwenye wali, mtu mzima, anapumua. Si nimemlaani?"

"Hukujua."

"Na mimi ni mke wa nani sasa?"

Nilitaka kufanya utani. Ningesema mke wa yule anayelipa umeme. Badala yake nikakaa naye pale chini.

Kiangazi kilipoisha ile siku ikafika. Sikujua nifanye nini, nikanunua chupa kama kawaida. Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa umefungwa mpaka kwa komeo. Ndani, vyakula vilevile, wali, supu, samaki, mapeasi, lakini vimewekwa kwenye meza yetu ya kila siku, vijiti vya kulia jozi mbili.

"Kaa ule," akasema.

"Chakula cha nani hiki?"

"Chako. Kula kabla hakijapoa, usinitazame hivyo."

Nilikula. Samaki alikuwa mtamu. Bok-sil kila mara aligeuka kuutazama mlango, na mara moja aliinuka, akaweka sikio penye komeo, akarudi. Nilihisi mgongoni baridi ile unayoihisi mtu akisimama nyuma yako. Tulipokuwa tukimngojea mfu, nyumba haikuwahi kunitisha. Sasa tulipojua yu hai, nikaanza kuwasha taa za vyumba vyote.

Jin-hwa alikuja likizo kutoka Daejeon, anakosomea uuguzi. Mama yake akamwonyesha picha. Binti aliishika simu muda mrefu. Alikuwa mdogo mno baba alipochukuliwa. Hana sura yake kichwani.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Anafanya nini pale?"

"Mambo ya mafuta. Yeye ni mtu wa mafuta tu."

"Mafuta ya nini, mama?"

Bok-sil akaanza kufuta meza. Jin-hwa akaweka simu mezani, kioo kikiangalia chini. "Kwa hiyo baba yangu ni mzima, na anatengeneza vitu vya kutuua sisi." Kisha akanigeukia mimi, macho yamejaa. "Na wewe, baba, ulikuwa unamsujudia."

"Niliinama kwa adabu," nikasema. "Adabu haina hasara."

"Haina hasara!" akasema, akaingia chumbani. Alirudi Daejeon kabla likizo haijaisha.

Tangu hapo sikuhamisha chaneli tena. Nilijifunza kwamba gazeti lao hutoa picha kesho yake asubuhi, na kwamba jaribio likishindwa hawatoi picha yoyote. Kwa hiyo kila waliporusha, siku nzima ilikuwa ya kusubiri: limefika au halikufika. Mara moja nilirudi nyumbani mapema na homa, nikamkuta Bok-sil mbele ya televisheni, taarifa ya dharura inaendelea, mtangazaji anasema kombora bado liko angani. Alikuwa amekunja ngumi mbili kifuani. Midomo yake inatikisika.

"Ruka," alikuwa anasema. "Ruka, ruka, usianguke."

Nilisimama mlangoni, viatu bado miguuni. Mji huu uko karibu nao kuliko bahari wanayoipiga. Shule, karakana, kantini yake, vyote viko chini ya kitu kile. Na mimi pia, Mungu anisamehe, nikajikuta nasema ruka. Lilipotua baharini salama tukashusha pumzi pamoja, hatukutazamana.

Kisha likaja lile lililolipuka. Lilipanda, na kabla ya dakika nyingi likapasuka angani. Watazamaji wa kule mpakani walilipiga picha, mwanga wa rangi ya chungwa juu ya mawingu. Mtaalamu kwenye televisheni alitabasamu akasema huenda wamejaribu mafuta mapya. Mzee Noh akapiga makofi karakanani. Nyumbani, Bok-sil hakugusa chakula.

"Nenda kamuulize yule mtaalamu," akaniambia. "Yule Dakta Bang. Jumamosi anahutubia ukumbi wa wilaya, nimeona tangazo."

"Nimuulize nini?"

"Likilipuka, walio chini wanaungua?"

Nilikwenda, nimevaa suti ya harusi, kucha zina grisi. Ukumbi ulijaa wastaafu. Dakta Bang alikuwa kijana mstaarabu, alieleza vizuri kwa picha na mishale. Nilipopewa kipaza sauti niliuliza kama nilivyotumwa. Watu wakacheka; mmoja nyuma akasema, "Anawaonea huruma huyo!"

"Hapana," akajibu Dakta Bang. "Hili lililipuka juu sana. Pale chini hakuungua mtu. Ila, kwa kawaida, pakitokea kushindwa kwa namna hii lazima kuwe na mtu wa kuadhibiwa."

Baadaye alinifuata nje nikiwasha sigara. "Samahani, mzee. Mna ndugu kule?" Akanipa kadi yake. Alisema sura nyingi kwenye zile picha hazina majina, na jina moja tu lingewasaidia sana yeye na wenzake.

Nilimwambia Bok-sil kila neno, maana aliniuliza, "Kisha akasema nini?" mpaka nikaishiwa. Nilipofika kwenye kadi aliichukua, akaichana vipande, akavitia kwenye moto wa gesi.

"Kule mimi nilizama mtoni," akasema. "Dada yangu alihonga ikaandikwa hivyo. Nikilitaja jina lake huku, wa kule wataanza kuuliza mkewe yuko wapi, na watamuua kwa ajili yangu." Akazima gesi. "Na yeye anajua nimekufa. Labda ananiwekea wali."

Ukapita msimu wa mvua bila kurushwa kitu. Bok-sil alikonda. Alianza kuongea usingizini kwa lafudhi nzito kuliko ile ya mchana, nami nilikuwa nalala nikisikiliza kama mtu anayesikia majirani ukutani.

Waliporusha tena, lilifika. Kesho yake picha zikatoka. Bok-sil alizitazama zote, akasema hayupo, akaenda kuanika nguo. Mimi nilibaki nazo. Nilizikuza moja moja, kona kwa kona. Katika ya mwisho, pembeni kabisa, nyuma ya lori, alikuwepo. Sare yake haikuwa na nishani tena. Nywele zote nyeupe. Hakuwa anapiga makofi. Alikuwa anatazama juu.

Ningeweza kuzima simu. Hakuna ambaye angejua. Nilikaa na jambo hilo kwa muda wa sigara moja, kisha nikatoka barazani, nikampa.

Alitazama, shuka lenye maji likimlowesha miguu.

"Amezeeka," akasema.

"Ni mzima."

"Ndiyo. Ni mzima." Akaninyooshea simu. Machozi hayakumtoka. "Umefanya vizuri kuniambia, Tak. Sasa usinionyeshe tena. Wakirusha mia, usinionyeshe. Siwezi kuwa huku na nikawa kule."

Nikamwahidi. Na yeye alitimiza kwa upande wake. Televisheni ikianza na ile ramani anaondoka kwenda kukatakata vitunguu saumu. Usiku analala kimya. Jin-hwa amerudi kutupigia simu, na wiki iliyopita wamecheka kwa muda mrefu juu ya jambo ambalo sikuambiwa.

Lakini mimi sijaweza. Mwezi jana wamerusha nikiwa chini ya basi. Kesho yake nilitoka kwenda mapumziko mapema kuliko wengine, nikaenda nyuma ya stoo ya matairi, nikatafuta. Sasa simtafuti tena kwa mkono, namjua hata kwa mabega. Alikuwepo, mstari wa nyuma. Moyo ukatulia, nikauchukia kwa kutulia. Mzee Noh akaniita, akitaka kujua natazama nini huko gizani, nikasema naangalia matokeo ya mechi.

"Nani kashinda?"

Nikatia simu mfukoni. Nilirudi chini ya basi, na jioni Bok-sil aliponiuliza siku ilikuwaje, nikamwambia breki, breki tu siku nzima, akanisogezea supu.