Gurudumu Juu ya Ayikoru

Mke wangu Ayikoru amelala mbele ya nyumba yetu hapa Pajulu, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni. Kaburi lake bado halina saruji. Ni tuta la udongo lililozungushiwa mawe, na kila Jumapili hulipalilia mwenyewe. Kiwanja hakina ua. Sikuwahi kuuhitaji, maana watu wa hapa wakiona kaburi wanalijua.

Mwezi wa pili, kijana mmoja, Moris, alipanga chumba ng'ambo ya barabara. Ana lori la kubebea mbao, na bila ruhusa yangu akaanza kuliegesha kwangu. Mara ya kwanza nilimsalimu na kumweleza kwa adabu. Mara ya pili nilimwandikia barua, kwa sababu nilihudhuria masomo ya usiku mpaka nikapata cheti nikiwa na miaka arobaini na sita, na ninaheshimu maandishi. Barua ile aliifutia kioo cha gari. Mara ya tatu nilikuta gurudumu la nyuma limepanda tuta, mawe mawili yamezama na upande wa kichwa umebonyea.

Nikamwita aje aone. Akatazama, kisha akawageukia wenzake waliokuwa wakinywa chai.

"Mzee, mama iko analala tu," alisema. "Gari yangu haiwezi kumuamsha."

Walicheka. Mtu akikutukania maiti wako, jibu la mdomo ni dogo mno.

Jumanne iliyofuata aliegesha palepale, gurudumu lilelile juu ya tuta, akapanda basi kwenda Koboko. Mtaa mzima ulijua safari yake. Alikuwa amechumbia huko, na Jumamosi lori lile lilikuwa libebe ng'ombe sita wa mahari pamoja na wazee wa ukoo wake. Wakwe walishakubali siku. Kuwachelewesha ni kuwadharau.

Jumatano asubuhi niliwaita wafyatua matofali wawili kutoka Adumi. Niliwaonyesha mahali pa kuchimba udongo: mbele ya lori, nyuma yake na ubavuni, mbali kidogo na kaburi, kina cha kufika kiunoni. Niliwaonya wasikwaruze hata rangi. Hawah, mwenyekiti wa kijiji, alipita akauliza kuna kazi gani. Nikamwambia nafyatua matofali katika ardhi yangu. Alitazama kaburi, akatazama lori, akasema matofali ni kitu kizuri, akaenda zake.

Jumamosi saa moja asubuhi Moris alikuja na wazee wanne wenye makoti. Lori lake lilikuwa limebaki kisiwani, na matofali mabichi yalikuwa yakikauka kwa safu pembeni. Alitaja polisi. Hawah, aliyekuja kutazama, akamwuliza angewaambia polisi aliegesha kwa ruhusa ya nani. Basi akaanza kunibembeleza. Mimi nilikuwa nimekaa barazani nikikoroga chai. Tangu Ayikoru afariki, sijanywa chai tamu kama ile.

Mkubwa wao, Draku, baba mdogo wa Moris, akaniuliza kijana wao amenikosea nini. Nikanyoosha fimbo kuelekea gurudumu. Alizunguka shimo, akachuchumaa, akayaona mawe.

"Nani iko hapa?"

"Mke wangu."

Akamgeukia Moris. "Na wewe ulijua?"

Moris alitazama viatu vyake vipya.

"Ng'ombe haipandi hii gari," Draku alisema. "Tutaenda kuomba binti ya watu na gurudumu inakanyaga bibi ya mutu? Chukua jembe."

Moris alifukia shimo la mbele akiwa na shati lake jeupe la sherehe. Wazee walikaa nami barazani. Niliwamiminia chai, yeye sikumpa hata maji. Adhuhuri lori lilishuka polepole hadi barabarani. Alidhani amemaliza. Draku akamrudisha kwenye tuta.

Aliyafukua mawe kwa mikono, akayapanga, akajaza udongo. Nikamwambia yamekaa vibaya, ayatoe. Akayatoa. Nikamwambia tena, ingawa safari hiyo yalikuwa yamekaa sawa.

Simu yake ililia mfukoni. Ilikuwa Koboko. Akaniangalia, mikono imejaa tope, kama anayeomba ruhusa ya kupokea.

Nikamwambia aiache ilie. Upande wa kichwa bado ulikuwa chini.