Kasisi wa Kukodi

Mume wangu anajua Kigiriki. Si cha kuulizia bei sokoni, hapana. Ni kile cha watu waliokufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Alikisoma seminari kule Lubumbashi miaka sita, na wa saba wakamfukuza kwa sababu yangu mimi, Agape wa Kigoma, maana walizikuta barua zangu chini ya godoro lake. Kwa hiyo shahada hana, upadre hana. Ana kamusi moja nene isiyo na jalada, na ana mimi.

Hapa Guangzhou, China, tunakaa mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya sita, tunafunga mizigo ya watu. Medard anaandika majina kwenye maboksi kwa kalamu nene nyeusi, mimi nazungusha utepe. Jumapili tunasali na Wakongo wenzake kwenye ukumbi wa kupanga. Mchungaji alikuwa Stéphane, muuza viatu wa soko la Liuhua. Nasema mchungaji, lakini mgonjwa akilazwa, nani anakwenda? Medard. Mtu akifa, nani anahangaikia vibali vya maiti? Medard. Hata mahubiri Medard aliyaandika Ijumaa, Stéphane akayapigia kelele Jumapili.

Mwaka jana Stéphane alikuja kwetu, akaketi, akamshika Medard bega. Kanisa la nyumbani Kongo lilikuwa linamwita yeye Stéphane akawe askofu, lakini kwanza awe Docteur, mwenye shahada ya uzamivu. Alikuwa amejiandikisha chuo fulani cha mtandaoni.

"Mon frère, ndugu yangu, niandikie hiyo tasnifu," akasema. "Nikiondoka, mimi mwenyewe nitakuwekea mikono. Kundi hili litakuwa lako."

Medard alitokwa na machozi. Kuwekewa mikono ndicho kitu pekee alichokitaka tangu seminari ilipomtupa nje, na mimi nilijua ni nani aliyemkosesha. Nami nisijifanye mtakatifu: kesho yake nilinunua kitenge cha kuvaa siku hiyo.

Mada aliichagua Medard mwenyewe: makasisi wa Kiingereza wa miaka mia mbili iliyopita na Kigiriki chao. Tukifunga maboksi ananihadithia. Eti kasisi akitoa kitabu cha tamthilia moja ya Kigiriki, na maelezo yake mwenyewe chini ya kurasa, uaskofu ulikuwa haupo mbali.

"Tamthilia ya watu wasiomjua hata Kristo?"

"Ndiyo."

Nilicheka mpaka utepe ukaninasa vidole. Akaendelea. Wengine walishika parokia mbili, tatu, wakakaa zao mjini na vitabu, wakabishana kwa barua mwaka mzima juu ya mstari mmoja.

"Na watu wa parokia? Nani anabatiza? Nani anazika?"

"Walimkodi kasisi maskini. Huyo ndiye aliyekanyaga matope. Na wakati mwingine alikijua Kigiriki kuliko bwana wake."

Nikaweka utepe chini. "Medard, unajisikia unavyosema?"

"Nimemwandikia sura nzima," akasema taratibu. "Stéphane akiisoma ataelewa."

Aelewe? Thubutu! Stéphane hakufungua hata ukurasa mmoja. Aliupima ule mzigo wa karatasi mkononi, akasema ni mzito, vizuri.

Siku ya mtihani wa mdomo, Stéphane alikaa mezani kwetu asubuhi, suti na tai, mbele ya kompyuta. Medard alipiga magoti nyuma ya kompyuta na vipande vya boksi na ile kalamu yake nene. Profesa akiuliza, Medard anaandika, anainua, Stéphane anasoma kwa sauti ya kujaa kifua. Mimi nimesimama mlangoni nimejiziba mdomo, sijui nicheke au nilie.

Mwishoni profesa akavua miwani. Aliuliza kwa Kifaransa kuhusu yule kasisi wa kukodi: baada ya miaka yote ile ya matope, yeye alipata nini?

Medard akaandika neno moja tu, akaliinua: RIEN.

"Rien, monsieur le professeur," Stéphane akasoma. "Hakupata kitu."

Profesa akasema kwamba miaka yote aliyofundisha hajapata kusikia jibu lililotoka moyoni namna ile. Akampa alama za juu. Stéphane akaruka, akanikumbatia mimi, akamkumbatia jirani aliyekuja kuomba chumvi. Medard bado alikuwa amepiga magoti, miguu imemfa ganzi.

Jumapili iliyofuata nilivaa kitenge changu. Stéphane alipanda mimbarani na joho jekundu.

"Ndugu zangu, Waingereza wale niliowachunguza walijua siri moja," akasema. "Mchungaji lazima awe msomi. Lazima awe na karatasi. Kwa hiyo ninayemwachia kundi hili ni mtu mwenye karatasi. Ndugu Loïc, njoo!"

Loïc ni shemeji yake. Ana cheti cha Biblia cha miezi sita.

"Na kaka yetu Medard," akaongeza, "ataendelea kumsaidia kwa mahubiri na kwa wagonjwa, kama kawaida."

Asante ya punda mateke, lakini punda angalau hakuombi umwandikie mahubiri. Nilisimama. "Na hiyo tasnifu kaandika nani?" Medard akanivuta kitenge. "Agape, kaa. Nakuomba." Stéphane akacheka, "Mama Agape leo furaha imemzidi!" na watu wakapiga makofi. Nikakaa. Sitajisamehe kwamba nilikaa. Nilimwangalia mume wangu akipiga makofi na wengine wakati Loïc anawekewa mikono.

Siku nne Medard hakuifungua kamusi. Siku ya tano aliitia kamusi yake kwenye boksi, akazungusha utepe mwenyewe, akaipandisha juu ya kabati. "Sasa basi," akasema. "Hawanipati tena." Nilimshika uso kwa mikono miwili. Niliona nimerudishiwa mume.

Jumatatu Loïc akabisha hodi na mfuko wa machungwa. Akaniita mama, akamwita Medard kaka, akaketi palepale alipoketi Stéphane.

"Na mimi nimejiandikisha, kaka. Docteur ameniambia una mkono mwepesi wa kuchapa."

Kuchapa! Nikafungua mlango wazi kabisa, nikasubiri Medard amtoe kwa ngazi za ghorofa zote sita. Medard aliangalia mikono yake.

"Juu ya nini?" akauliza.

"Chochote. Kigiriki hichohicho, kinapendeza."

Medard akapanda kiti, akashusha boksi, akalikata utepe. Akaipangusa kamusi kwa mkono wa shati, na hapo nikamwona uso. Nilitegemea kuona woga, au unyonge. Jamani, alikuwa na furaha. Sijawahi kumwona na furaha ile, hata siku ya ndoa yetu.

"Yupo kasisi mmoja ambaye sikumtendea haki mara ya kwanza," akaanza kumwelezea Loïc, na Loïc akatoa simu yake akaitazama.

Niliyachukua yale machungwa, nikayatupa kwenye pipa la taka moja moja, kwa kishindo, ili wasikie. Hakuna aliyegeuka.

"Wanataka kurasa ngapi?" Medard akauliza.