Sinia la Unga Usiochekechwa

Mume wangu Chabani alikuwa fundi cherehani hodari kuliko wote pale Asiatique, mtaa wa maduka, na alikuwa hawezi kukaa. Cheka tu, hata mimi nilicheka mwanzoni. Lakini cherehani ya miguu haishonewi kwa kusimama, na Ramadhani ilikuwa mlangoni, msimu ambao Buyenzi nzima, mtaa wetu, inataka kanzu na magauni ya Idi. Bawasiri zilimtesa. Choo kigumu, damu, maumivu. Alikalia upande mmoja, juu ya mto wa vipande vya vitambaa, akashona kidogo, kisha akainuka na kuzunguka barazani akijidai anatafuta mkasi.

Sababu ilikuwa chakula, na hilo nalisema wazi. Chabani alizaliwa mjini, baba yake alizaliwa mjini, na kwake yeye mtu wa mjini anakula vyeupe: mkate mweupe, wali mweupe, ugali mweupe wa unga uliochekechwa mpaka ukawa poda. Nchi ilikuwa vitani, milimani risasi zinalia, majirani wametufungia mipaka kwa ile embargo yao, unga wa ngano unatafutwa kwa tochi, na bwana anataka vyeupe. Maharage aliyaita chakula cha jela. Mboga ya lengalenga ilikuwa ya mbuzi. Mimi nikachekecha mpaka mabega yakaniuma, na pumba zote nikampa jirani yangu Léoncie, mama wa kutoka Uvira, awape kuku wake. Kuku wakanawiri, mume wangu akakonda.

Nilimkokota mpaka kwa muuguzi Irène. Alimpima, akamwuliza anakula nini, halafu akaweka kalamu chini.

"Papa, dawa nitakupa, lakini dawa kubwa iko mu chungu ya mama," alimwambia. "Tumbo yako inakosa fibres. Ni ile maganda ya mahindi munatupaka, na maharage, na majani, na matunda. Hiyo ndiyo inalainisha choo. Na usiku unywe maji mingi. Bila ile, kidonda itarudi kila siku."

Chabani akasema hicho ni chakula cha kuku.

"Kuku ya Léoncie inakaaka siku nzima juu ya mayai bila muto," nikamjibu, na Irène akageukia dirishani kuficha kicheko.

Alikubali, lakini kwa sharti. Vyakula hivyo angekula wakati wa daku, mlango umefungwa. Jioni, hapana. Kwetu Buyenzi wanaume hufuturu nje, kwenye mikeka, na kila nyumba inatoa sinia lake. Sinia ndilo uso wa nyumba. Aliye karibu nalo anajua leo kwako kumepikwa nini, na Abdu, fundi wa magari mwenye mdomo usio na breki, anajua hata ulichokosa. Chabani aliapa kwamba nyumba yake haitatoa maharage mbele ya Abdu. Basi Ramadhani ikaanza: usiku anakula vya Irène, magharibi anajijaza mkate mweupe na wali, na alfajiri ananung'unika msalani mpaka watoto wanaamka.

Ndipo Djibril alipokuja nyumbani. Djibril ndiye mwenye duka ambalo barazani pake mume wangu alikuwa akishona tangu kabla hatujaoana. Hakuja kwa ubaya. Alisema wateja wanaleta vitambaa wanakuta kiti kitupu, na kuna kijana wa mtaa wa Musaga, Hyacinthe, mwenye cherehani yake mwenyewe, anaomba nafasi. Ramadhani ikifika katikati, kama Chabani bado hakai, kiti kitakuwa cha Hyacinthe. Mume wangu alijibu sawa, kwa sauti ndogo sana. Sijawahi kumsikia akiwa na sauti ndogo namna ile, na iliniuma kuliko kama angelia.

Nikashikwa na hasira. Kesho yake chekeche niliitundika ukutani. Nilisonga ugali wa unga wenye pumba zake zote, nikapika maharage mpaka yakapasuka, lengalenga kwa mawese, na papai nikalikata vipande vinono. Kwa kawaida watoto ndio hupeleka sinia. Siku ile nililibeba mwenyewe, nikaliweka katikati ya mkeka, mbele ya Abdu kabisa. Chabani alitazama chini.

"Mi ndiye nimepika," nilisema. "Bwana yangu ni mugonjwa, na hii ndiyo dawa yake. Mwenye kutaka kucheka, anicheke mi."

Hakuna aliyecheka. Abdu alilitazama sinia, akatazama nyumba yake ng'ambo ya njia, kisha akanyoosha mkono akamega ugali ule wa kahawia na kuuchovya kwenye maharage.

"Hii ndiyo tunakulaka ndani kila siku," alisema. "Ile wali ya hapa inje, bibi anaipika kwa ajili yenu."

Wanaume wakaangaliana. Mmoja akakohoa, mwingine akakiri kwamba kwake pia, na wa tatu akasogea karibu na papai. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unakula maharage umejifungia na kutoa wali nje kwa ajili ya jirani, ambaye naye alikuwa anafanya vilevile. Mtu pekee Buyenzi aliyekuwa akila vyeupe ndani na nje, mpaka Irène alipomkataza, alikuwa mume wangu. Sinia langu lilirudi tupu, na jioni iliyofuata mkeka mzima ulikuwa wa kahawia na kijani.

Dawa za Irène zilisaidia, sikatai. Lakini asubuhi moja Chabani alitoka msalani, akasimama katikati ya ua, akasema "Alhamdulillah" kwa sauti ambayo Léoncie aliisikia kule upande wake akaitikia "Amina", Mkristo wa watu. Damu ilikoma. Uso ukarudiwa na rangi yake.

Ramadhani ilipofika katikati, nilishindwa kutulia nyumbani, nikaenda Asiatique. Hyacinthe alikuwa amesimama barazani, cherehani yake ya mkono begani, na Djibril kando yake. Kitini alikuwa amekaa Chabani, amekaa sawasawa, makalio yote mawili, miguu inakanyaga, sindano inaimba juu ya kanzu ya Abdu. Rundo la vitambaa lilimfikia kiunoni. Sikujizuia, nililia pale pale mbele ya watu.

Aliinuka kidogo, akachomoa ule mto chini yake, akamtupia Hyacinthe.

"Kaa hapo, mudogo yangu. Kazi ni mingi, tutashona wote," alimwambia. "Mi siuhitaji tena."

Djibril akaenda kutafuta kiti cha pili. Mimi nikafuta machozi, nikarudi Buyenzi kuloweka maharage.