Firigisi ya Jogoo wa Kageha

Vidole vya Cornelius viliingia tena kwenye bakuli. Vilikuwa vidole vinene, vyeusi kwa mafuta ya mnyororo ambayo hakuyanawa vizuri, na kila vilipozama, duara dogo la rangi ya lami lilielea juu ya mchuzi na kuchanganyika na mafuta ya kuku. Aligeuza shingo. Akageuza paja. Akainua ini, akalitazama kwenye mwanga wa mlango, akalirudisha. Wanaume wanne tuliketi tukimtazama, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba mchuzi ule sitaugusa.

"Iko wapi?" aliuliza.

Hatukuhitaji kuambiwa anatafuta nini. Ilikuwa firigisi, imondo kama tunavyoiita kwetu, kile kipande kigumu ambacho mwenye nyumba hukila peke yake wengine wakimeza mate. Na jioni ile imondo haikuwa kitoweo tu. Cornelius mwenyewe ndiye aliyeifanya iwe kubwa kuliko hivyo.

Ulikuwa mwaka wa uhuru, wiki chache kabla ya bendera mpya kupanda. Wazungu wa upande wa Likuyani walikuwa wakiuza mashamba na kwenda zao, na mashamba yale yakikatwa vipande wapewe watu. Sisi wa huku, karibu na msitu wa Isecheno, tulikuwa tumeandikishwa sita. Tuliambiwa tuwe kule Ijumaa jioni. Jina likisomwa, kuwe na mtu wa nyumba ile wa kuitika kwa mdomo wake. Akikosekana, kipande kinakwenda kwa ndugu wa ukoo aliyesimama pale, na kama hakuna ndugu, kinapewa mgeni. Basi lilikuwa likipita Kakamega mjini adhuhuri, limejaa mpaka mlangoni, na lingetufikisha majina yakiwa yameshakwisha. Tulichokuwa nacho ni baiskeli. Tungetoka alfajiri, tupite mjini, tupite Malava, tuvuke mto Nzoia, kisha tuanze ule mwinuko usiokwisha hadi nchi ya mahindi. Na ilibidi twende kundi moja, maana upande wa juu kulikuwa na watu waliosema ardhi ile ni yao, na walikuwa wakiwangoja njiani watu wanaopita peke yao.

Cornelius alijipa uongozi kwa sababu alikuwa na sauti kubwa na hakuna aliyetaka kelele. Mimi nilikuwa kijana wa kupasua mbao, niliyeacha shule darasa la nne, na hata mimi niliona kwamba kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko tumbo lake. Kila Jumapili baada ya kanisa tulifanya mazoezi hadi Malava na kurudi, na kila Jumapili nyumba moja ilituchinjia jogoo. Hapo ndipo alipotunga sheria yake. Alisema anayekula imondo kabla ya safari ndiye anayetangulia, na atakayempita njiani, mnyororo wake utakatika mtoni na hatafika aendako. Alisema aliisikia kwa babu yake. Babu yake alikufa bila kuiona baiskeli. Tukawa tunamtazama Jumapili baada ya Jumapili akitafuna imondo mdomo wazi, upande huu, upande ule, akiunyonya utamu wake kwa mlio kama wa buti likichomoka matopeni.

Halafu alikuwa na mafuta ya kondoo. Aliyaweka kwenye kopo la rangi tangu Pasaka, na alitulazimisha tuyapake miguuni ili misuli isikaze. Yalikuwa yameoza. Tulipokuwa tukipanda kilima, nzi walitusindikiza. Phineas, aliyekuwa shemasi na mtu mwoga kuliko wote niliowahi kuwajua, alikuwa akiyapaka hata magotini na shingoni, akiomba Mungu kimyakimya.

Wa sita wetu alikuwa Onesmus, mdogo wake Cornelius. Onesmus ndiye aliyetuandikisha wote, akienda mjini na kurudi kwa baiskeli yake mpaka viatu vikaisha. Mwezi wa nane homa ya mapafu ikamchukua. Baada ya maziko vitu vya marehemu viligawanywa kama ilivyo desturi, na Cornelius akachukua koti lake la kijivu, akalivaa siku hiyohiyo. Baiskeli aliitaka pia, ila Kageha, mjane, aliiingiza ndani akaifunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda chake.

Wiki zilizofuata nilimkuta Kageha asubuhi moja kwenye njia ya msituni, nikienda kazini. Alikuwa mtaroni, gauni limechanika, baiskeli juu yake, gurudumu bado linazunguka. Siku hizo mwanamke juu ya baiskeli alikuwa jambo la watu kutema mate.

"Joash, umeona nini?" aliniuliza akiwa bado chini.

"Nimeona mtu ameanguka."

"Basi umeona vibaya. Nilikuwa nashuka."

Nikamsaidia kuinua baiskeli, nikaenda zangu. Nilielewa anachofanya. Jina la Onesmus lingesomwa kule Likuyani, na kama yeye hayupo, angeitika Cornelius. Cornelius angekuwa na vipande viwili, na Kageha na mtoto wake Jescah wangebaki kwenye uwanja wa shemeji, wakingoja kuambiwa wale nini na walale wapi.

Jumapili ya mwisho ya mazoezi alikuja mbele yetu akaomba kwenda. Cornelius hakukataa. Alitabasamu. "Tutaona, Mama Jescah," alisema. "Lakini zamu ya kuku sasa ni ya nyumba ya Onesmus."

Alikuwa na jogoo mmoja. Kila mtu alijua hivyo.

Alhamisi, jua likianza kulegea, tulikutana uani kwa Kageha kutayarisha baiskeli. Tulizipindua zote juu chini, tukapaka minyororo oili chafu niliyoitoa kiwandani, tukaziba matundu ya tyubu, tukafunga mipira kwenye viti vya nyuma kwa ajili ya viazi vitamu na ugali uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Baiskeli ya Phineas haikuwa na tumaini. Ringi yake ya mbele ilipinda Jumapili, ikawa inakwenda kama mlevi. Kageha aliitoa ile ya Onesmus akaipindua pamoja na zetu, akaisafisha kila tundu kwa kitambaa, kisha akanawa mikono akaenda kumkamata jogoo. Tulimsikia jogoo akilia nyuma ya nyumba. Halafu hatukumsikia.

Cornelius alikwenda pale ilipokuwa baiskeli, akazungusha gurudumu kwa kidole, akasikiliza.

"Imekuwa nzuri," alisema. "Phineas, wewe utapanda hii."

Phineas alitazama chini. Sisi wengine watatu tukaendelea kukaza skrubu ambazo zilikuwa zimeshakaza. Kageha alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, na alisikia. Niliona amesikia. Sikuona uso wake ukibadilika, na nilifikiri basi, ameshindwa, nami nikainamia mnyororo wangu. Kipande changu pia kilikuwa kule, na barabara ilikuwa ileile ya kundi.

Tuliingia ndani tukala. Tulikula kuku wa mjane ambaye tulikuwa tumemnyang'anya baiskeli uani kwake nusu saa kabla. Watu walikata matonge, wakachovya, wakasifu mchuzi. Cornelius alijipangusa midomo kwa mkono wa koti la Onesmus, akaacha alama inayong'aa. Kisha akaanza kutafuta kwenye bakuli, na hapo ndipo alipouliza iko wapi.

Kageha alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko. "Nimeila," alisema.

Nadhani hata moto ulisita. Phineas alitema tonge mkononi.

"Umesema nini?"

"Nimeila, shemeji. Ilikuwa ngumu kidogo. Jogoo alikuwa mzee."

"Kwetu bibi hakulangi imondo," Cornelius alisema. Alisema polepole, kama mtu anayefundisha mtoto. "Hata mama yangu hajui inafanana nini mdomoni."

"Mimi najua. Onesmus alikuwa ananikatianga nusu."

"Usimsingizie marehemu."

"Nusu yake, nusu yangu. Tulikuwa tunafunga mlango."

Alisimama, Cornelius, akaenda mpaka kwenye kigoda. "Fungua mdomo," alisema. Na bila kungoja akamshika taya, kwa vidole vilevile, vya lami na mafuta ya kuku, akalibana mpaka mashavu yakaingia ndani. Akainama. Akachungulia. Alitazama ndani ya kinywa cha mke wa ndugu yake kama mnunuzi anayetazama meno ya ng'ombe sokoni, akimgeuza kichwa kwenye mwanga, na wanaume wanne tulikuwa tumekaa na mifupa mikononi. Kageha hakujitoa. Alifungua mdomo kwa upana wote alioweza, akamwachia atazame. Macho yake hayakuwa kwa Cornelius. Yalikuwa kwetu, mmoja baada ya mwingine.

Nilitoka nje nikatapika karibu na baiskeli zilizopinduliwa, kila kitu, mpaka maji. Niliporudi mlangoni alikuwa amemwachia, na kwenye taya pande zote mbili kulikuwa na alama nyeusi za vidole.

"Cornelius," nilisema, "haimo tena mdomoni. Imeshuka. Na sheria ni yako."

"Sheria gani?"

"Aliyekula ndiye anatangulia. Au ilikuwa sheria ya siku unazokula wewe?"

Alimgeukia Phineas. "Kesho utakuja uichukue hiyo baiskeli mapema."

Lakini Phineas alikuwa ameshasimama, akijipangusa mkono kwenye suruali tena na tena. "Baiskeli ya mtu aliyekula imondo?" alisema. "Mimi sipandi. Ndugu yangu, mimi nina watoto. Afadhali nibebwe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Cornelius alitumia miezi kutujaza woga huo, kijiko kwa kijiko, na sasa haukuwa na mlango wa kutokea.

Alfajiri tulimkuta Kageha ameshafika barabarani. Alikuwa amevaa suruali ya Onesmus ndani ya gauni na kuifunga miguuni kwa kamba ya katani. Alama za taya zilikuwa bado hapo. Hakuzisugua, au zilikataa kutoka. Alisema habari za asubuhi, akapanda, akayumba, akanyooka, akaenda.

"Tangulieni," Cornelius alituambia. "Mmesimama nini? Mpiteni."

Hakuna aliyesogea. Phineas, nyuma yangu kwenye kiti, alinishika mkanda kwa nguvu. Cornelius akaweka mguu kwenye pedali, akatazama mnyororo wake kutoka mbele hadi nyuma, akautazama tena. Akautoa mguu akasubiri mjane apate nafasi.

Siku nzima ilikuwa hivyo. Hakuwa mwendeshaji mzuri. Kwenye vilima alishuka akasukuma, nasi tukashuka tukasukuma nyuma yake. Aliposimama kunywa maji, tukasimama. Kwenye daraja la Nzoia Cornelius alikwenda polepole kiasi kwamba alikaribia kuanguka. Upande wa juu tulipita kundi la vijana wenye marungu wamekaa juu ya ukuta. Walimwona mwanamke mbele ya wanaume wanne waliochoka na mmoja aliyebebwa, wakacheka mpaka mmoja akadondoka, na wakatuacha tupite. Mimi jicho langu lilikuwa kwenye koti la kijivu mbele yangu, na doa la mchuzi kwenye mkono wake, vumbi likilishikilia.

Tulifika jua likiwa limelala juu ya mahindi. Majina yalikuwa yakisomwa. Walipofika kwa Onesmus, Cornelius alisafisha koo, lakini Kageha alikuwa ameshasema, "Niko."

Karani aliinua kichwa. "Wewe ndiye Onesmus?"

"Onesmus amekufa. Mimi ni mke wake. Ndiye niliyekuja."

Karani alikuwa amechoka. Alitutazama, wote tukinuka kondoo aliyeoza. "Nani kiongozi wenu?"

"Huyu," nilisema nikimwonyesha Kageha. "Ametutangulia tangu Isecheno."

"Kuna ndugu anayepinga?"

Cornelius alifungua mdomo. Niliuona ulimi wake, mweupe kwa kiu. Nikamsogelea nikamwambia chini ya sauti, "Sema tu, umpite hapa. Lakini kesho unarudi kwa baiskeli hiyohiyo, na mto uko palepale."

Akaufunga.

Sasa shamba langu na la Kageha yametenganishwa na ua wa mikaratusi. Cornelius alizikwa zamani, na nilikwenda, na nikakataa chakula cha matanga. Watu walidhani ni huzuni.

Nyumbani kwangu tukichinja, Selpher, mke wangu, huniwekea imondo juu ya ugali, kama alivyofundishwa na mama yake. Kila mara naisukuma upande wake. Huipeleka jikoni, na nasikia akiila haraka, amesimama, kama kitu cha wizi. Nimemwambia mara nyingi alete kiti.